Kidonda Tunakitia Wenyewe: Maneno kwa Wakulima wa Karafuu na Viungo, Pemba

Asalaam alaykum. Bwana Sheha, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wachumaji mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka nikirefusha: nimekuoneni.

Nimeombwa nizungumze juu ya wadudu na maradhi ya mikarafuu na viungo vyetu vingine. Nilipewa karatasi yenye mada 11. Nimeiacha nyumbani. Badala yake nimekuja na hili tawi.

Lipitisheni mkono kwa mkono. Limetoka katika mkarafuu wangu mwenyewe, sikulitafuta mbali. Nimelipasua kwa urefu ili muone ndani. Anzieni pale juu palipochanika, penye nyuzinyuzi kama kamba iliyokatika kwa kuvutwa. Hapo mbao imekauka, imekuwa kijivu. Teremsheni macho kidogo. Mnaona wekundu ule, kama tofali lililoloa, unaokwenda kwenye kahawia? Sasa teremkeni zaidi, chini kabisa, pale mbao ilipo nyeupe na bado ina harufu. Kati ya weupe na wekundu pana mstari. Mstari ule unatembea. Mwezi uliopita ulikuwa juu zaidi. Ningeuacha, ungefika kwenye shina, na nikishaufikisha kwenye shina sina tena cha kufanya ila kutafuta msumeno mkubwa na mnunuzi wa kuni.

Tawi hili halikuvunjwa na upepo. Lilivunjwa msimu uliopita kwa ngoe, ule mti wenye ndoana wa kuvutia matawi. Kijana alikuwa juu, kishada kikawa mbali, akatupa ngoe akavuta, tawi likalia, likakatika nusu, likabaki linaning'inia kwa gome. Akachuma kilichomo, akahamia tawi jingine. Mvua za masika zikaja zikakuta kidonda kibichi. Kuvu ikaingia.

Kuvu hiyo kwenye vitabu vya zamani inaitwa Cryphonectria cubensis, na siku hizi Chrysoporthe cubensis. Msijisumbue kulikariri jina, mimi mwenyewe lilinichukua mwaka mzima. Tabia yake ndiyo ya kuijua: haina nguvu ya kutoboa gome zima. Inangoja mlango. Mlango ni pale tawi lilipochanika, pale mpanda mti alipochubua kwa kamba, pale panga lilipokosea. Ikishaingia inashuka kwa ndani, na majani ya nchani ndiyo yanayokauka kwanza. Ndiyo maana tukauita ugonjwa wa kukauka kuanzia juu. Mwenye shamba akitazama kutoka chini anaona vijiti vitupu kwenye kilele, anasema mti umezeeka. Mwingine anasema pana jicho la mtu. Mimi sibishani na mambo ya jicho, lakini kabla hujakwenda kwa mganga, panda uangalie kama pana alama ya ngoe.

Nasikia watu wanacheka kule nyuma. Chekeni, lakini nina miaka 31 ya ubibi shamba na nimepanda mikarafuu mingi kuliko wengi wenu mnaocheka. Katika kila mti uliokauka juu niliopata kuupanda, nimeanza kwa kutafuta kidonda, na mara nyingi sana nimekipata.

Sasa dawa yake. Dawa ya kwanza ni msumeno. Kata chini ya wekundu. Ukishakata, tazama uso wa mkato: ukiona bado pana doa la kahawia, hata dogo kama mbegu ya ufuta, shuka ukate tena. Endelea mpaka uso wote uwe mweupe, kisha ongeza shubiri moja chini yake, maana jicho letu linaona pale kuvu ilipokwisha kuharibu, halioni pale ilipofika leo asubuhi. Ukimaliza mti mmoja, usihamie wa pili na msumeno ule ule mchafu. Ufute kwa jiki, au upitishe motoni. Na matawi uliyokata yakusanye uyachome. Nimeona watu wanakata vizuri kabisa, halafu wanayalundika matawi chini ya mti ule ule kama sadaka.

Dawa ya pili ni kufunika kidonda. Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu kitu chenyewe hakina ghali na wazee wetu walikijua: mrututu. Yale mawe ya buluu. Chukua gramu 100 za mrututu, uzisage, uziyeyushe katika nusu lita ya maji. Chombo kiwe cha plastiki au cha udongo. Usitumie ndoo ya bati wala sufuria, mrututu utaila. Katika chombo kingine koroga gramu 100 za chokaa iliyozimwa na nusu lita ya maji. Chokaa iwe mpya, ile iliyokaa ghalani mwaka mzima imekwisha nguvu. Halafu mimina maji ya mrututu ndani ya chokaa, polepole, huku mtu wa pili akikoroga. Utapata uji wa buluu kama rangi ya mlango. Kabla ya kuupaka, tumbukiza msumari safi, usubiri dakika moja, uutoe. Ukitoka na utando mwekundu wa shaba, mrututu umezidi: ongeza chokaa, ujaribu tena, mpaka msumari utoke kama ulivyoingia. Uji huo unapakwa kwa brashi juu ya mkato siku ile ile. Usiulaze. Kesho yake ni maji machafu tu.

Ukiongeza maji yakafika lita 10 kwa vipimo hivyo hivyo, unapata dawa ya kupuliza. Walioigundua ni wakulima wa zabibu wa Bordeaux, Ufaransa, karne ya 19, na mtaalamu aliyeitwa Millardet ndiye aliyeiandika mwaka 1885. Inasemwa kwamba wakulima wale walikuwa wakipaka mrututu na chokaa kwenye zabibu za kandokando ya njia ili wapita njia wasizile. Wakaona mizabibu ile haipati ukungu. Dawa iliyoanza kwa kuwakomoa wezi! Nikiwaambia haya vijana wa skuli hawasahau tena vipimo.

Lakini wazee wangu, msumeno na mrututu ni kutibu. Kidonda chenyewe kinatoka wapi? Hapa nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda, na Bwana Sheha atanisamehe.

Kinatoka kwenye mkataba. Mtu mwenye mikarafuu yake, ya urithi, atakayoichuma mwakani na mwaka wa kesho kutwa, hapandi mtini kama mwizi. Anamwambia mchumaji: taratibu, mwanangu, tawi hilo lina miaka 40. Lakini tunakodisha. Mti unakodishwa kwa msimu mmoja, mkodishaji anatoa fedha mkononi, na tangu siku hiyo hesabu yake ni moja tu: atoe karafuu zote kabla hazijafunguka, kwa wachumaji wachache, kwa siku chache. Mchumaji naye analipwa kwa pishi, au kwa kilo. Hakuna anayelipwa kwa tawi lililobaki zima. Tumeweka watu mtini na hakuna hata mmoja kati yao mwenye haja na mti wa mwakani. Halafu mti ukikauka tunamwita bibi shamba atuletee dawa.

Mimi siwezi kuleta dawa ya mkataba. Nyinyi mnaweza. Nimewaona watu wawili katika shehia ya jirani wanaoandika kwenye karatasi ya kukodisha: tawi kubwa likivunjika, fedha kadhaa zinakatwa. Wanazunguka miti pamoja kabla ya msimu na baada ya msimu, wanahesabu. Mwanzoni waliambiwa wachoyo. Siku hizi mkodishaji wao anakuja na ngazi.

Ngazi, ndiyo. Ngazi ya miguu mitatu inafika mahali ambapo ngoe inavunja. Ni nzito, najua, na mashamba yetu ni ya vilima na mabonde. Basi hata ngoe, ukiifunga kitambaa pale kwenye kipindo chake, na ukivuta tawi kwa kuliinamisha badala ya kulishtua, madhara yanapungua.

Tuiache hiyo. Nije kwenye ule ugonjwa ambao kila mtu humu anauogopa: kufa ghafla.

Mnaujua. Mti mkubwa, unaozaa, umesimama vizuri. Pengine majani yamepauka kidogo, yamepukutika kidogo, hukutilia maanani. Halafu wiki moja unageuka wote kwa pamoja, majani yanakuwa rangi ya kutu, na yanabaki yananing'inia mtini kama nguo za maiti. Ule wa kukauka juu unakwenda tawi kwa tawi. Huu unachukua mti mzima. Tofauti hiyo ishikeni, kwa sababu ninaitwa mara kwa mara nije kuona kufa ghafla, nikifika nakuta ni tawi lililovunjika, na kinyume chake vilevile.

Kufa ghafla huanzia chini. Mizizi midogo ile inayonyonya maji inakufa kwanza, kimya kimya, na siku unapoona majani yamegeuka, mti umekwisha kufa zamani, ni habari tu ndiyo iliyochelewa kufika juu. Wataalamu wamehangaika nao muda mrefu hapa hapa visiwani. Walikuwapo waliodhani ni virusi, walikuwapo waliosema ni maji yanayotuama. Katika miaka ya 1950 wawili wao, Nutman na Roberts, waliandika kwamba ni kuvu nyingine, Valsa eugeniae, inayoshambulia mizizi. Hadi leo sina dawa ya chupa ya kukuuzieni kwa ugonjwa huu, na akija mtu na chupa akasema anayo, muulize kwanza dawa yake itafikaje kwenye mizizi iliyokwisha kufa.

Kinachofanyika ni kulinda jirani. Mti uliokufa usiuache umesimama. Najua kwa nini tunauacha: tunangoja ukauke vizuri uwe kuni, au tunangoja ndugu wa Unguja waje tukubaliane katika urithi. Lakini kuvu za aina hii huzaa kwenye gome la mti mfu. Kila siku unayouacha umeweka kitalu cha ugonjwa katikati ya shamba. Pita kwa Sheha na kwa bwana shamba upate ruhusa ya kuukata, uukate, ung'oe na kisiki na mizizi mikubwa, uchome. Shimo liache wazi lipigwe jua. Usirudishe mkarafuu mahali pale pale haraka. Panda migomba, panda muhogo, panda kitu cha ukoo mwingine kwa miaka kadhaa. Nimewaona watu wanapanda mche mpya kwenye shimo lile lile wiki ile ile, kama mtu anayemlaza mgeni kwenye shuka za mgonjwa.

Na mahali pa bondeni ambapo maji hukaa baada ya mvua, hapo mkarafuu haupendi hata kama hakuna ugonjwa. Chimba mtaro. Ni kazi ya jembe, hakuna siri.

Jambo dogo juu ya umri. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha sehemu kubwa ya ile ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi zimekuwa zikitoka kwetu. Sifa kubwa, lakini maana yake ni kwamba baadhi ya miti tunayoichuma ni ya babu wa babu. Mti wa umri huo ukipunguza kuzaa, ukikonda, si lazima uwe mgonjwa. Mzee hapewi dawa ya minyoo kwa sababu anatembea polepole. Mpandie mche pembeni, akiondoka awe ameshika nafasi.

Sasa nataka kutubu mbele yenu.

Mwaka wangu wa pili kazini, nikiwa kijana na baiskeli mpya ya ofisi, aliniita mzee mmoja mwenye shamba la mchanganyiko: mikarafuu, minazi, michungwa michache. Malalamiko yake yalikuwa maji moto, wale sisimizi wa mitini wanaouma. Wachumaji wanakataa kupanda, alisema, wanaumwa mpaka wanaachia matawi. Kweli nilipanda nikaumwa. Nikatazama chini ya majani nikaona pia vijidudu vya magamba vimejibandika kwenye vijiti, vimezungukwa na maji moto kama ng'ombe na wachungaji wao, na majani ya chini yamepakwa masizi meusi. Nikajiona mtaalamu. Nikamwambia: mzee, hawa maji moto wanafuga wadudu hawa, wanakunywa ule utamu unaowatoka, tuwaue. Tukapuliza. Miti yote, pamoja na minazi, kwa sababu viota vilikuwa huko pia.

Msimu ule wachumaji walipanda kwa raha. Mwaka uliofuata mzee alikuja ofisini kwangu na pakacha. Akalimwaga mezani. Vidaka vitupu, nazi changa kabisa. Vidaka vyenye makovu, vimetoa ulimbo kama machozi, vimedondoka kabla ya kuwa hata vitale. Hakusema neno. Aliniachia pakacha akaondoka, na ile meza ilinuka siku tatu.

Nilichokuwa sijakijua ni hiki. Katika minazi yupo kunguni mmoja, anafyonza maua na vidaka vikiwa vichanga. Jina lake la kitabuni ni Pseudotheraptus wayi, na hilo neno la mwisho limetokana na jina la Mwingereza M. J. Way, aliyekuwa akichunguza wadudu Zanzibar katika miaka ya 1950. Mlinzi wa mnazi dhidi ya kunguni huyo ni maji moto. Anazunguka kwenye upunga, lile shada la maua ya mnazi, mchana kutwa, anamkamata, anamfukuza. Mimi nilimwondoa askari halafu nikashangaa wezi wametoka wapi.

Tena ipo sehemu ya pili ya kosa langu, ambayo ilinichukua miaka zaidi kuielewa. Baada ya kupuliza, nilimshauri mzee aparue shamba lote liwe jeupe, pasibaki jani, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa: shamba safi kama uwanja. Sasa, ardhini wanaishi sisimizi wadogo wa kahawia, wenye askari wa vichwa vikubwa kupita miili yao. Hawa na maji moto ni maadui. Ardhi ikiwa tupu, sisimizi hawa wanapanda miti na kuwapiga maji moto wasirudi. Palipo na majani kiasi, wanapata chakula chao chini, wanabaki chini, na maji moto wanapata nafasi huko juu. Kwa hiyo siku hizi nikikuta shamba limeparuliwa jeupe pepe, mwenyewe akingoja sifa, nashindwa kumsifu. Fyeka majani yasikushinde, zungushia mti kisahani, lakini acha ardhi ijifunike.

Kwa anayetaka kuwarudisha maji moto kwenye minazi: kata kiota kizima alfajiri, wakati wa baridi wanapokuwa wazito, ukitie katika mfuko, ukakifunge kwenye mnazi mwingine. Chukua viota vyote kutoka koloni moja. Ukichanganya vya koloni mbili watauana wao kwa wao. Funga kamba kutoka mnazi hadi mnazi iwe daraja lao. Wachina walikuwa wakinunua viota vya binamu zao hawa na kuvitia kwenye michungwa tangu karne ya 4, kwa hiyo tusiseme ni mambo ya kisasa. Na mikarafuu? Hapo ni kweli kwamba wanasumbua. Mchumaji ajipake majivu makavu mikononi na miguuni, maji moto hawapendi kutembea juu ya majivu. Kwenye mti ambao wamezidi, na vijidudu vya magamba vimezidi, kata matawi yale yenye viota tu. Usiufanyie vita mti mzima, wala usipulize dawa mnazini kwa kosa la mkarafuu.

Mzee yule alishafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwanawe yumo humu ndani, na ananitazama.

Nipite haraka kwenye mengine.

Mlangamia. Zile nyuzi za manjano na kijani zinazojitupa juu ya mti kama nyavu, hazina mzizi ardhini, zinanyonya kwenye mkarafuu wenyewe. Uondoe kwa mkono, wote, kabla haujazaa, na uuchome. Ukibaki uzi mmoja unaanza tena. Watoto wakiucheza na kuurusha kwenye ua, wafundisheni.

Mchwa wanapenda kuni, na tawi kavu uliloliacha mtini ni kuni. Ndiyo kidonda kile kile kinarudi kwa mlango mwingine. Kwenye miche michanga usirundike majani makavu yakagusa shina, acha nafasi ya kiganja. Na miche yetu mingi tunayopewa haifi kwa mchwa hata hivyo, inakufa kwa jua. Mkarafuu mchanga unataka kivuli. Panda migomba au muhogo mapema, mche uukute.

Chonga, yule mbawakawa wa minazi: anazaliwa kwenye magogo ya minazi yaliyooza. Ukimwona mkubwa kwenye kilele, mtoe kwa waya wenye ndoana, lakini ukiacha magogo yanaoza shambani utafanya kazi hiyo maisha yako yote.

Pilipili manga ina ugonjwa wa kuoza shina pale linapotoka ardhini. Majani yananyong'onyea, ukikwangua gome la chini linakuwa jeusi na linanuka. Huyu ni rafiki wa maji. Inua tuta kwenye shina, ondoa majani ya pilipili yanayogusa ardhi ili matone ya mvua yasiyarushie udongo wenye ugonjwa, na ile dawa ya mrututu ya lita 10 ipulizwe kabla ya masika, siyo baada ya kuona. Baada ya kuona ni kumhudumia maiti. Vanila nayo inaoza mizizi kwa kuvu ya udongo. Mizizi yake iko juu juu, kwa hiyo usipige jembe karibu, ifunike kwa majani yaliyooza tu.

Wenye tangawizi, nawapa jaribio moja. Ukiona mmea umejikunja majani na kugeuka manjano ghafla, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize katika gilasi ya maji safi, kiguse tu maji, usikitikise. Kaa utazame kama dakika tano. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka kutoka kwenye mkato, hiyo ni bakteria ya mnyauko. Haina dawa. Ng'oa mmea na udongo wake, usichukue mbegu kutoka tuta lile hata kama vipande vingine vinaonekana vizima, wala usipande hapo nyanya, bilingani wala mbatata mwaka unaofuata. Panda mahindi. Ukiona maji yamebaki safi bila nyuzi, njoo kwangu tutafute sababu nyingine.

Nina ombi kwa wenye ndugu wanaosafiri. Indonesia, ambako mkarafuu ulianzia, wana ugonjwa ambao sisi hatuna haja nao kabisa. Unaitwa ugonjwa wa Sumatra. Ni bakteria inayoziba mishipa ya maji ya mkarafuu, na inabebwa na mdudu anayefyonza. Mche mmoja tu ulioletwa kwenye begi kwa nia njema unatosha kutuletea msiba. Zawadi ya kitenge tutaipokea. Mche wa mkarafuu, hapana, upite kwa watu wa karantini kwanza.

Na juu ya dawa za dukani. Mimi sizikatai, zipo mahali zinafaa. Ninachokataa ni kumwona mtu amenunua dawa kabla hajajua anamuua nani. Aliniletea kijana mmoja chupa, nikamsomea: ni ya kuua wadudu. Ugonjwa wake ulikuwa kuvu. Amepuliza mara tatu, kuvu haina hata habari. Wadudu wazuri ndio waliokufa. Tena karafuu haioshwi. Inatoka mtini, inachambuliwa, inaanikwa jamvini, inakwenda sokoni na kila kilichokuwa juu yake. Ukipuliza vishada vikiwa vimekaribia kuchumwa, sumu hiyo inasafiri pamoja na jina la Pemba. Na mama zangu, kopo la kupimia dawa lisirudi jikoni, hata likioshwa mara kumi. Chupa tupu itobolewe. Nimemwona mtu anauza mafuta ya taa kwenye chupa ya dawa ya mikorosho.

Bwana Sheha ananionesha saa. Haya.

Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, tunakutana katika shamba langu. Pale kwenye mti uliotoa tawi hili bado pana mawili mengine yanaanza wekundu, sikuyakata makusudi ili tuyakate pamoja. Mrututu ninao, chokaa nimeagiza. Nataka wachumaji zaidi kuliko wenye mashamba, kwa hiyo nyinyi wa mlangoni mmeitwa kwa jina. Kila mtu aje na msumari mmoja safi. Mwenye ngazi aje nayo, na nani ameshika tawi langu sasa? Lirudisheni mbele, likachomwe.